Protini za vijifuko vya chembe nyekundu za damu: jinsi zilivyonitoa jasho huku Kigoma

Mwisho_wa_Reli (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, mtu wa maabara, kazi yangu ya kila siku ni damu: malaria, wingi wa damu, makundi, selimundu. Kuna utafiti niliombwa kusaidia upande wa sampuli, na tangu hapo kuna mambo nimeyabeba kichwani ambayo hapa kazini hakuna wa kumwambia. Nitaandika vipande vipande, naandikia simu na mtoto ananing'ang'ania. Mods naomba msiniunganishie posti.

Chembe nyekundu ya damu inaishi siku 120 hivi. Katika siku hizo haibaki kama ilivyotoka kwenye uboho. Inavyozeeka inajimega, inatoa vipovu vidogo vya utando wake vikiwa na himoglobini (ile protini nyekundu ya kubeba oksijeni) ndani, inavimwaga kwenye plazma, yale maji ya damu. Sisi tulikuwa tunaviita vijifuko, wengine mikropatikoli. Chembe nzima ina upana wa maikromita 7 hadi 8. Kijifuko hakifiki hata maikromita 1, na vingi ni 0.1 au 0.2 tu, kwa hiyo hii darubini tunayosomea malaria msiisumbue, haivioni. Mwaka 1967 Peter Wolf aliona vitu vya namna hii vikitoka kwenye chembe sahani, zile za kugandisha damu, akaviita vumbi. Jina likanoga, na kwa miaka mingi watu wakavichukulia hivyo hivyo, vumbi la kufagiwa.

Lakini inakadiriwa chembe nyekundu inapoteza karibu asilimia 20 ya himoglobini yake kwa kujimega huku. Hilo ni vumbi gani tena? Mwenye selimundu anavyo vingi kuliko mtu mwenye afya. Mwenye malaria vilevile. Vingi vina fosfatidilserini upande wa nje, mafuta ambayo chembe yenye afya huyaficha upande wa ndani, na yakishatoka nje damu inapata pa kuanzia kuganda. Ndiyo maana watu wanataka kujua vimebeba protini gani. Na hapo kwenye kuzijua ndipo tulipotokwa jasho.

Dagaa_wa_Kibirizi

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu protini si ndiyo hizi tunazovua huku?

Mwisho_wa_Reli

Hahaa, ndizo hizo hizo kaka, ila mwilini ni vifaa vya kazi. Kuna za kubeba oksijeni, za kushikilia umbo la chembe, za kupitisha chumvi mlangoni. Tunataka orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya kijifuko, na vingapi.

Haya, adui wa kwanza ni himoglobini. Zaidi ya asilimia 95 ya protini zilizo ndani ya chembe nyekundu ni himoglobini. Nyingine zote, mamia kwa mamia, zinagawana kilichobaki. Sasa mashine inayotumika, spektrometa ya masi, inapewa protini zikiwa zimekatwakatwa vipande, inapima uzito wa kila kipande na kukivunja ili ijue ni cha nani. Kwa utaratibu wa kawaida inasoma kwanza vipande vinavyojitokeza kwa wingi. Inapomaliza kusoma himoglobini, muda wa sampuli umekwisha. Protini iliyokuwa na nakala chache haikupata hata nafasi ya kusema nipo.

Dagaa_wa_Kibirizi

Yaani giza la mwezi, umewasha taa, unavuta wavu umejaa dagaa hadi mtumbwi unalalia upande, kumbe wewe umefuata mgebuka mmoja tu yumo humo chini.

Mwisho_wa_Reli

Umepatia. Ila ongeza ubaya mmoja: huyo mgebuka naye amekula dagaa. Kijifuko chenyewe kina himoglobini yake halali ndani. Kwa hiyo huwezi kusema himoglobini yote ni uchafu ukaitupa. Iliyo ndani ni habari, iliyo nje ni uchafu, na mashine haijui tofauti.

Binti_wa_Ujiji

Samahani kaka, mimi nasoma baiokemia. Si kuna resini za nikeli zinazonasa himoglobini? Kwa nini msiinase tu?

Mwisho_wa_Reli

Swali zuri mdogo wangu. Zipo na zinafanya kazi. Shida ni kwamba himoglobini haiondoki peke yake, protini zilizokuwa zimeishikilia zinaondoka nayo. Bendi ya tatu, ile protini kubwa ya utando, mkia wake wa ndani unashikana na himoglobini. Halafu kumbuka kiasi unachoanza nacho. Ukimaliza kuzungusha plazma kwa kasi kubwa, chini ya tyubu kunabaki alama ya rangi ya kutu, ndogo kuliko nukta ya biki. Wakati mwingine huioni kabisa. Mimi nilikuwa naweka alama ya maka penni kwa nje, upande ulioelekea ukingo wa nje wa rota, ili nijue ilipo hata kama siioni, nisije nikaichokoa na pipeti. Sasa kitu cha ukubwa huo, kila unapokihamisha kutoka chombo hadi chombo, kingine kinabaki ukutani.

Na hapo hapo kwenye bendi ya tatu kuna mtego mwingine. Kuna nakala kama milioni moja kwa kila chembe, utasema itaonekana tu. Ila imeshonwa kwenye utando, inaingia na kutoka mara nyingi, na sehemu iliyozama kwenye mafuta haina pa kukatia. Tripsini inakata kwenye lisini na arjinini tu. Kipande kisichokatwa kinakuwa kirefu, kinagoma kuyeyuka kwenye maji, mashine haikioni. Mtu anasoma ripoti anaandika sehemu hiyo haikupatikana, msomaji wa pili anaelewa kwamba haipo.

Kijana_Mwanga

Hizi nyuzi ndizo tunazozitaka, siyo za umbea. Endelea mkuu.

Mwisho_wa_Reli

Sasa niwaambie aibu yangu.

Awamu ya kwanza tulichukua damu za watoto kwenye kituo kimoja cha afya nje ya mji. Watoto mishipa midogo. Nikatumia sindano nyembamba ya kipepeo na bomba. Mpira wa kufungia mkono nikauacha muda mrefu nikitafuta mshipa. Nikavuta bomba kwa nguvu, kisha nikaichoma sindano ileile kwenye kifuniko cha tyubu ya bluu, ile yenye dawa ya kuzuia damu kuganda, nikasukuma. Ile sauti ya damu kugonga ukuta wa tyubu bado naisikia. Kisha gari, barabara ya makorongo, joto, masaa matatu njiani. Nilipozizungusha, plazma ilitoka na uwaridi. Siyo zote. Nyingine zilikuwa njano safi, nikafurahi, nikasema hizi zimepona.

Hazikupona. Nilikuja kupiga hesabu baadaye nyuma ya boksi la glavu. Chembe nyekundu moja ina ujazo wa karibu femtolita 90. Kijifuko cha upana wa maikromita 0.2 kina ujazo wa femtolita 0.004. Gawanya. Chembe moja ikipasuka inamwaga himoglobini ya vijifuko zaidi ya elfu 20. Chembe moja! Na mililita moja ya damu ina chembe bilioni 4 au 5.

Jicho la mtu linaanza kuona uwaridi kwenye plazma pale himoglobini inapofika kama gramu 0.2 au 0.3 kwa lita. Kwa damu ya kawaida hapo ni karibu chembe moja imepasuka kati ya 1000. Kwa hiyo sampuli ambayo jicho langu lilisema ni safi, inaweza kuwa imebeba mamilioni ya chembe zilizopasuka, kila moja na uchafu wa vijifuko elfu 20. Kwa kupima sukari au figo isingekuwa neno. Kwa kazi hii ilikuwa imekwisha kabla sijafika kwenye gari.

Mboka_Asali

Pole sana ndugu, nipo Tabora upande wa damu salama. Hiyo hesabu yako imenifungua macho kwenye jambo letu. Mfuko wa damu wenye dawa ya kuzuia kuganda ya CPDA-1 unakaa siku 35, wenye kiongezeo cha lishe siku 42, kwenye nyuzi 2 hadi 6. Kadiri siku zinavyosogea vijifuko vinaongezeka humo ndani, hilo linajulikana. Ila na chembe zinapasuka pia. Ulaya wanakubali mwisho wa hifadhi chembe zilizopasuka zisizidi asilimia 0.8, Marekani asilimia 1. Hiyo ni chembe 8 au 10 kwenye 1000, mara nane hadi kumi ya hiyo unayosema jicho linaanza kuiona. Mfuko huo kwa mgonjwa uko sawa kabisa. Kwa mtu anayetafuta protini za vijifuko ni tope.

Kwa hiyo mtu akija na matokeo kwamba siku ya 35 vijifuko vina protini fulani kuliko siku ya 3, mimi swali langu la kwanza ni: uliziosha vipi?

Mwisho_wa_Reli

Na ukiosha sana unapoteza vijifuko vyenyewe, ukiosha kidogo unabaki na albumini ya plazma, maana plazma ina gramu 35 hadi 50 za albumini kwa lita. Ndugu yangu wa Mboka tungekuwa tunakaa karibu ningekuletea mawese.

Mzee_wa_Gungu

Nimewasoma. Lakini niulize la kizamani: hizo damu za watoto mlizipeleka wapi? Enzi zetu mtu akija na tyubu akaondoka na damu kwenye boksi la barafu tulimwita mumiani tukafunga milango.

Mwisho_wa_Reli

Shikamoo mzee. Swali lako ni halali na liliulizwa sana vijijini. Kibali cha maadili kilitoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wazazi walisaini, na mtoto alitolewa mililita 9, vijiko viwili vya chai visivyojaa. Spektrometa hatuna huku, kwa hiyo ndiyo, plazma ilisafirishwa ikiwa imegandishwa, na kibali chake cha kusafirisha.

Ila nikuambie kisa. Utaratibu wa kazi hii unataka mililita chache za mwanzo zisitumike, kwa sababu sindano ikitoboa mshipa inaamsha chembe sahani, zinaanza kumwaga vijifuko vyake. Mama mmoja akaniona naweka tyubu ya kwanza pembeni, akauliza, "Hiyo mbona unaitupa, damu ya mwanangu ni maji ya kunawa?" Nikakosa jibu. Tangu siku ile tyubu ya kwanza tunaifanya ya zambarau, inapimiwa wingi wa damu, mama anaondoka na majibu. Hakuna kinachotupwa, na utaratibu haujavunjika. Hilo hukulikuta kwenye karatasi ya maelekezo.

Mzee_wa_Gungu

Marahaba. Hapo umesema.

Binti_wa_Ujiji

Kaka na kwa nini msitengeneze vijifuko maabara, mkaepuka haya yote? Au mkazikuza chembe mkaziwekea protini zenye alama?

Mwisho_wa_Reli

Kukuza na kuweka alama hapana. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala ribosomu, haitengenezi protini mpya hata ungeibembeleza. Zile mbinu mnazofundishwa kwa seli nyingine, kulisha amino asidi nzito, kuzima jeni, hapa zinagonga mwamba. Unasoma ulichokikuta.

Kutengeneza inawezekana. Kuna dawa za kuingiza kalsiamu ndani ya chembe, zinaimwagisha vijifuko kwa wingi ndani ya muda mfupi, visafi, vinapendeza. Nyingi ya tulizojua mwanzo zilitoka huko. Mwaka 2002 Salzer na wenzake walionyesha kwa njia hiyo kwamba vina stomatini nyingi, protini mojawapo ya utando. Lakini chembe iliyoshtuliwa kwa kalsiamu siyo chembe iliyozeeka polepole siku 120 ikipita kwenye wengu. Mimi naziona kama samaki wa bwawa la kuchimba na samaki wa ziwa. Wote samaki, ila usiniandikie habari za ziwa kwa kutazama bwawa.

Dagaa_wa_Kibirizi

Mkuu umeanza kunipokonya kazi.

Mwisho_wa_Reli

Aibu ya pili, hii fupi. Karatasi ilisema zungusha kwa 2500 g, yaani nguvu mara 2500 ya mvutano wa dunia, mara mbili, dakika 15 kila mara, ili chembe sahani zote zikae chini. Mimi nikaweka mizunguko 2500 kwa dakika. Watu wa maabara mnacheka. Rota yetu ina nusu kipenyo cha sentimita 10 hivi, kwa hiyo nilikuwa napata kama g 700. Ili upate g 2500 kwenye rota hiyo unahitaji mizunguko karibu 4,700. Chembe sahani zikabaki zinaogelea, nikazigandisha pamoja na plazma. Zikiyeyushwa zinapasuka vipande, na vipande vyake ukubwa ni uleule wa vijifuko. Majibu yalipokuja, orodha ilikuwa imejaa protini za chembe sahani. Kuna siku nyingine umeme ulikatika katikati ya mzunguko, rota ikasimama kabla chembe sahani hazijakaa chini. Hiyo angalau siyo dhambi yangu.

Kijana_Mwanga

Sasa mtajuaje hiki kijifuko ni cha chembe nyekundu na hiki ni cha chembe sahani?

Mwisho_wa_Reli

Kwa alama ya juu. Chembe nyekundu ina glaikoforini A, unaweka kingamwili inayoikamata, imefungwa kwenye shanga za sumaku, unavuta vyako. Bei yake usiulize. Na kingamwili nayo ni protini, nayo inaingia kwenye orodha ya majibu. Unavua samaki unakula na ndoana.

Kuhesabu ni kesi nyingine, flosaitomita, mashine za kuhesabu chembe kwa leza, nyingi zinaishia kwenye maikromita 0.2 au 0.3, vidogo zaidi zinavipita kama havipo, au vinapita vingi kwa pamoja vinahesabiwa kimoja. Sasa kama idadi huna uhakika nayo, ukisema protini fulani imeongezeka, imeongezeka kwa kila kijifuko, kwa mililita ya plazma, au kwa uzito wa protini zote? Mtoto wa selimundu ana chembe nyekundu chache na vijifuko vingi. Ukibadilisha kigawanyo tu, jibu linageuka. Kwenye seli nyingine watu hulinganisha na aktini, ila hapa aktini na spektrini, protini za kushikilia umbo, nyingi zinabaki nyuma kwenye chembe mama. Faida yake ni moja: nikiona spektrini nyingi kwenye majibu nashuku nimeokota vipande vya chembe zilizopasuka.

Mboka_Asali

Na walioongezewa damu mliwatoa?

Mwisho_wa_Reli

Ahsante, nilikuwa nalijia. Mtoto mmoja wa selimundu, SS kabisa, yaani jeni zote mbili ni za S. Beta globini ya S inatofautiana na ya kawaida kwa amino asidi moja, nafasi ya sita, glutamiki imekuwa valini. Tripsini ikikata, kipande cha kwanza cha amino asidi nane kinakuwa chepesi kwa daltoni 30 kuliko cha kawaida. Kwenye sampuli yake vilionekana vyote viwili, chepesi na kizito. Wote tukafikiri nimechanganya tyubu. Nilikosa usingizi. Kurudi kwenye kadi yake, aliongezewa damu wiki tatu nyuma. Chembe za mchangiaji zilikuwa bado zinaishi ndani yake na kumwaga vijifuko vyao. Tulikuwa tunasoma watu wawili kwenye tyubu moja. Sasa swali la kuongezewa damu ndani ya miezi minne ni la kwanza kwenye fomu, kabla hata ya umri.

Malaria nayo. Tangu 2013 inajulikana vizuri kwamba chembe zenye falsiparamu, mdudu wa malaria, zinamwaga vijifuko vyenye protini za mdudu mwenyewe. Kompyuta inatambua kipande cha protini kwa kulinganisha na orodha uliyoipa. Ukiipa orodha ya binadamu peke yake, vipande vya mdudu inaviacha au, kibaya zaidi, inavibandika jina la binadamu linalofanana. Kwa mkoa wetu huwezi kupuuza hilo. mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, kwa kila mtoto, na orodha zote mbili kwenye kompyuta.

Dagaa_wa_Kibirizi

Baada ya tabu zote hizo, mlipata nini sasa?

Mwisho_wa_Reli

Awamu ya kwanza orodha ndefu ya kupendeza, ambayo siiamini. Ya pili fupi: bendi ya tatu, stomatini, kaboniki anhidrasi, peroksiredoksini 2, himoglobini yake, na nyingine chache. Kuna mkubwa mmoja hakufurahi orodha kupungua. Mimi nililala vizuri.

Binti_wa_Ujiji

Nataka kuja kujifunza kaka. Mnachukua tena lini?

Mwisho_wa_Reli

Kesho saa 12 asubuhi, njoo. Watoto wanne. Sindano geji 21 kwa wenye mishipa, mpira nafungua damu ikianza tu kutoka, sentrifuji ipo chumba cha pili, hatupandi gari. Wazazi nimewaambia wasiwape chochote cha mafuta tangu usiku, maana tulishawahi kupata plazma nyeupe kama tui, mtoto amekula wali wa mawese. Maji wanywe wanavyotaka, mwenye selimundu hakai na kiu. Uji nitawapikia palepale wakimaliza. Wewe pitia sukari hapo sokoni, iliyokuwepo imeisha.